Moto tunaoota ni wa wizi: uzi wa mashujaa walioleta ustaarabu na deni walilotuachia

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikisoma ngano za mataifa mbalimbali kwa muda mrefu sasa, na kuna jambo limenikaa kichwani, nikaona nilimwage hapa tulichambue pamoja. Karibu kila jamii ina mtu, mungu au hata mnyama anayesemwa kuwa ndiye aliyewaletea watu moto, mbegu, nyavu, maandishi au sheria. Wataalamu wa ngano humwita shujaa wa utamaduni. Huyu hapimwi kwa idadi ya majitu aliyoua. Anapimwa kwa kile alichokileta, ambacho jana hakikuwepo na leo watu hawawezi kuishi bila hicho.

Sasa ukisikia neno "shujaa" unamfikiria mtu mwadilifu, mnyoofu, wa kuigwa na watoto. Futa hiyo picha. Wapange hawa mashujaa foleni uwapekue mifuko, utakuta wengi ni wezi, waongo na walafi. Na ninavyoona mimi, wizi huo haukuingia kwenye hadithi kwa bahati. Msimulizi alitaka tujue kwamba kitu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hajasahau.

Nianze na anayefahamika zaidi, Prometheus wa Wagiriki. Watu wengi wanajua aliiba moto kwa Zeus, mfalme wa miungu, akafungwa kwenye mwamba, tai akawa anamla ini kila siku na ini linaota tena usiku. Lakini kisa kinaanzia nyuma ya hapo. Hesiod, mshairi aliyeishi karibu mwaka 700 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba miungu na binadamu walikutana mahali panapoitwa Mekone kugawana ng'ombe. Mgawaji akawa Prometheus. Upande mmoja aliweka nyama nono akazifunika kwa tumbo la ng'ombe, zikaonekana uchafu. Upande wa pili akaweka mifupa mitupu akaipamba kwa mafuta meupe yanayong'aa. Zeus akachukua mafuta. Ndiyo maana Wagiriki walipotoa kafara waliwachomea miungu mifupa na mafuta, nyama wakala wenyewe! Zeus kwa hasira akawanyima watu moto, na hapo ndipo Prometheus alipouiba.

Angalieni alivyoubeba. Hakuushika mkononi kama mwenge. Aliuficha ndani ya bua la narthex, mmea wa jamii ya shamari unaozidi kimo cha mtu. Bua lake likikauka huwa na moyo mwepesi kama sifongo, nao ukishika cheche unafukuta polepole kwa ndani huku ganda la nje likibaki zima. Ukimwona mtu kabeba bua hilo utadhani kabeba fimbo tu. Watu wa Mediterania walilitumia kweli kuhamishia moto kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo ndani ya hadithi ya mungu mwizi kuna ufundi wa kila siku wa watu wa kawaida, na hapa ndipo ngano hizi zinaponimaliza.

Deni likaja kwa jina la Pandora, mwanamke wa kwanza, ambaye Zeus aliwatumia watu kama adhabu. Kwa njia, alichofunua hakikuwa kisanduku. Hesiod anasema pithos, yaani mtungi mkubwa wa kuhifadhia vitu. Kisanduku kililetwa na mwanachuoni Erasmus wa Rotterdam katika karne ya 16 alipotafsiri kwa Kilatini, na dunia nzima ikamfuata. Maradhi na taabu vikatoka, tumaini likanasa chini ya ukingo wa mtungi.

Inaendelea, ngoja nipate nafasi.

#2

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

#3

Mkuu, umesema "wengi ni wezi". Mfano mmoja hautoshi. Lete wengine.

#4 – Mleta uzi

Haya, twende Bahari ya Pasifiki.

Wamaori wa New Zealand wanamsimulia Māui, kitinda mimba aliyekuwa msumbufu kuliko kaka zake wote. Huyu alivua kisiwa kizima kutoka baharini kwa ndoana iliyotengenezwa kwa mfupa wa taya la bibi yake, na hadi leo Kisiwa cha Kaskazini kinaitwa Te Ika-a-Māui, samaki wa Māui. Alilitega jua kwa kamba akalichapa mpaka likakubali kwenda polepole. Huko Hawaii kisa hicho hufanyika juu ya mlima Haleakalā, na sababu yake ni ya nyumbani kabisa: siku zilikuwa fupi mno, vitambaa vya mama yake vya magome ya mti vilikuwa havikauki.

Ila cha moto ndicho ninachokipenda. Māui alizima mioto yote kijijini usiku, makusudi, ili aone moto unatoka wapi. Asubuhi akatumwa kwa Mahuika, bibi mwenye moto kwenye kucha. Bibi akang'oa ukucha mmoja akampa. Māui akatoka, akauzima, akarudi: "Bibi, umezimika." Akapewa wa pili. Akauzima. Hivyo hivyo, ukucha baada ya ukucha, mpaka ukabaki mmoja. Hapo bibi akashtuka kwamba anachezewa, akautupa ule wa mwisho chini na nchi ikawaka. Māui akaita mvua. Masalia ya moto yakakimbilia ndani ya miti, mmoja wao kaikōmako.

Sasa huo mti ni mgumu, na Wamaori waliutumia kweli kutengenezea moto: kijiti chake kinasuguliwa mbele na nyuma ndani ya mfuo wa mti laini mpaka unga unaokusanyika uanze kutoa moshi. Mtoto akiuliza kwa nini mti huu na si ule, jibu ni Mahuika. Hadithi ndiyo iliyotunza orodha ya miti inayofaa.

Halafu kuna Kunguru. Pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika Kaskazini, kwa Watlingit, Wahaida na Watsimshian, dunia ilikuwa gizani kwa sababu mzee mmoja alifungia nuru nyumbani kwake. Kunguru akajigeuza jani jembamba kama sindano, akaelea kwenye maji ya kunywa ya binti wa mzee. Binti akalimeza, akapata mimba, akazaa mtoto mwenye macho makali ya kunguru. Babu akampenda mjukuu kupita kiasi. Mjukuu akaanza kulia. Analia, anaonyesha kidole kule vilikofichwa vitu. Mwenye kulea anaijua hiyo hali: unampa mtoto chochote ili mradi anyamaze. Akapewa nyota za kuchezea, akaziachia zikatokea tundu la moshi. Akalia tena, akapewa mwezi, ukaenda. Mwishowe akapewa mchana wenyewe, naye akageuka kunguru akaruka nao.

Msije mkadhani aliwaonea watu huruma. Kwa Watlingit, aliwakuta watu wanavua samaki gizani, akawaomba, wakamnyima. Akawatishia kwamba ataufungua mchana, wakamcheka. Akaufungua! Waliovaa ngozi za wanyama wa baharini wakakimbilia majini, waliovaa za wanyama wa nchi kavu wakaingia msituni, wakawa wanyama hao. Mwanaanthropolojia Franz Boas aliliona hilo mapema. Mwaka 1898 aliandika kwamba mashujaa wa aina hii wanawafaa watu huku wakitafuta maslahi yao wenyewe. Dunia ilipata mwanga kwa sababu ya mtu kunyimwa samaki.

#5

Hahaha, eti kunyimwa samaki. Huyo na Anansi ni baba mmoja mama mmoja.

Kwa wasiomjua, Anansi ni buibui wa Waakani wa Ghana. Hadithi zote zilikuwa mali ya Nyame, mungu wa mbinguni, na Anansi akaenda kuzinunua. Kumbukeni hakuiba, alinunua. Bei ilikuwa chatu, chui, nyigu na kiumbe wa msituni anayeitwa Mmoatia, wote wakiwa hai. Chatu aliambiwa: "Nabishana na mke wangu, yeye anasema wewe ni mfupi kuliko fito hii." Chatu akajinyoosha kando ya fito apimwe, akafungwa hapo hapo. Nyigu walimwagiwa maji wakaambiwa mvua inanyesha, ingieni kwenye kibuyu mjikinge.

#6 – Mleta uzi

Umenikumbusha mbali mkuu. Sawa, kwa Nyame alilipa, lakini kila alichokilipia alikipata kwa utapeli, na waliogharimika ni chatu na wenzake.

Ongeza na kile cha chungu. Anansi alikusanya hekima yote ya dunia akaitia chunguni akaificha juu ya mti. Alijifunga chungu tumboni, akawa hawezi kukwea. Mwanawe akasimama chini akamwambia, "Baba, si ukifunge mgongoni?" Anansi akagundua kwamba hekima yote anayo yeye isipokuwa ile aliyonayo mtoto, na kwa hasira chungu kikaanguka kikapasuka. Kila mtu akaokota kidogo chake. Yeye alitaka kuihodhi, na sisi tukanufaika kwa bahati. Waakani waliochukuliwa utumwani walivuka naye Atlantiki, na Jamaica bado anasimuliwa.

#7

Mleta uzi, nakuheshimu lakini hapa umechagua mifano inayokubeba. Wachina je? Shennong hakuiba mbegu kwa mtu. Alitengeneza jembe, akawa anaonja majani mwenyewe ili ajue lipi dawa na lipi sumu, na maandishi ya kale yanasema kwa siku moja alipata sumu mara 70. Suiren alipekecha mti akapata moto, basi, hakuna mwizi wala tai. Yu alizuia gharika kwa kuchimba mifereji maji yaende baharini, miaka 13, akapita mlangoni kwake mara tatu asiingie hata alipomsikia mwanawe mchanga analia ndani. Wizi uko wapi? Hao ni wachapakazi.

#8 – Mleta uzi

Hapo umenibana, na nakiri hoja ni nzito. Ngano za Kichina zina sura tofauti. Kwa Wagiriki au Wamaori moto una mwenyewe, hivyo ukiutaka lazima umzidi kete. Kwa Suiren moto umo ndani ya mti unamsubiri mwenye subira. Kwetu tungesema alikuwa na ulindi na uwimbombo, yaani vijiti vya kupekechea moto, akapekecha mpaka mikono ikafanya malengelenge. Na hao wa Kichina walikuja kuandikwa kama wafalme wa zamani, wenye miaka ya kutawala na warithi, kwa hiyo lazima waonekane watu wa serikali wenye adabu.

Ila mkuu, umemruka baba yake Yu, maana ndiye aliyenifanya niandike kule juu kwamba wengi wao ni wezi, sikusema wote.

Anaitwa Gun. Ndiye aliyepewa kazi ya gharika kwanza. Alijenga kuta miaka tisa, maji yakazidi kupanda. Akaenda kumwibia Mungu Mkuu xirang, udongo unaojiongeza wenyewe: unaweka pande moja, linaota, linakua ukuta. Hakuomba ruhusa. Akauawa kwenye Mlima wa Manyoya. Maiti yake haikuoza kwa miaka mitatu, na walipoipasua tumbo kwa upanga akatoka Yu. Yaani yule mchapakazi mwaminifu alizaliwa kutoka tumbo la mwizi aliyenyongewa kazi ile ile. Wasimulizi waliutenganisha mzigo: baba akabeba kosa, mtoto akabeba sifa. Na wapo wanaosema Yu aliutumia ule udongo, safari hii kwa ruhusa.

#9

"Aliyenyongewa"? Si umesema aliuawa tu.

#10 – Mleta uzi

Kweli, ulimi uliteleza. Aliuawa. Namna ya kuuawa inatofautiana kwa wasimulizi. Asante kwa kunishika.

#11

Naomba kuuliza, Fumo Liyongo mbona hayupo? Au kwa kuwa ni wa kwetu hahesabiwi?

#12 – Mleta uzi

Dada yangu (au kaka, samahani), Liyongo namheshimu sana, ila yupo kundi jingine. Ni shujaa wa nguvu na wa ushairi. Yule mtu aliyeimba fumbo gerezani ili mama yake atie tupa ndani ya mkate, akakata minyororo huku ngoma inalia nje, huwezi kumwita mdogo. Lakini hakutuletea moto wala mtama. Dunia aliyoikuta ndiyo aliyoiacha. Kifo chake tu ndicho kinachomkaribisha kwa hawa wengine: sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyehongwa.

Kwa upande huu wa dunia anayeingia moja kwa moja ni Kintu.

#13

Kabla hujaenda kwa Kintu. Wakuu, hizi si hekaya tu? Moto haukuibwa na mtu. Binadamu wa kale walikuwa wanautumia muda mrefu sana. Pango la Wonderwerk kule Afrika Kusini lina mabaki ya moto ya miaka kama milioni moja. Na mahindi hayakuletwa na mungu, yalitokana na jani pori linaloitwa teosinte, wakulima wa Mexico wakalichagua kizazi hadi kizazi kwa miaka elfu na elfu.

#14 – Mleta uzi

Hakuna anayebisha. Ila hebu tazama Waazteki walivyosimulia mahindi hayo hayo. Quetzalcoatl, mmoja wa miungu yao, alimwona mdudu chungu mwekundu amebeba punje, akambana aseme anakozitoa. Chungu akakataa, akabanwa tena, akataja mlima. Quetzalcoatl akajigeuza chungu mweusi, akaingia naye kupitia upenyo, akatoka na punje moja moja. Msimulizi hakujua neno teosinte, lakini alijua kwamba mahindi yalipatikana polepole, punje kwa punje, na kwa kuchunguza kiumbe mdogo anakula nini. Sijawahi kuona muhtasari mzuri zaidi wa kazi ya mkulima wa kwanza.

Watu wa zamani nao walijaribu kuwasoma mashujaa hawa kama historia. Euhemerus, Mgiriki wa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, alidai miungu ilikuwa wafalme wa kawaida waliotukuzwa baada ya kufa. Mimi siendi huko. Nikianza kumtafuta Prometheus aliyezaliwa mahali fulani, nitakosa kile kinachosemwa.

#15

Na huyo Quetzalcoatl si ndiye Waazteki walidhani Cortés, yule Mhispania aliyewashinda, ni yeye karudi?

#16 – Mleta uzi

Hiyo imeenea, lakini ilianza kuandikwa miaka mingi baada ya Tenochtitlan, mji mkuu wao, kuanguka mwaka 1521, na wanahistoria wengi leo wanaitilia shaka kubwa. Ilimfaa sana mshindi, wewe fikiria.

Sasa Kintu, halafu nifunge hoja ya deni.

Kwa Waganda, Kintu alikuwa peke yake duniani na ng'ombe mmoja. Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, akampenda. Kaka zake wakamchukua ng'ombe, Kintu akapanda juu kumfuata, akapewa mitihani: ale chakula cha watu wengi mno, apasue jiwe, ajaze mtungi kwa umande, amtambue ng'ombe wake kati ya kundi kubwa. Nyuki ndiye aliyemwonyesha. Akapewa mke, migomba, mbegu na kuku, na onyo moja: ondokeni mapema, Walumbe asijue, na mkisahau kitu msirudi.

Walisahau ulezi, ile nafaka ya kulisha kuku. Nambi akarudi. Walumbe, ambaye ni kifo, akamwona dada yake, akamfuata.

Ona hapo. Hakuna aliyeiba, mahari imelipwa kwa mitihani, na bado kifo kikaingia nyuma ya kapu la ulezi. Mbinguni wakamtuma kaka mwingine, Kaikuzi, aje amkamate. Watu wote wakaambiwa wakae ndani, na atakayemwona Walumbe asipige kelele. Watoto wa Ttanda wakatoka na mbuzi, wakamwona, wakapiga kelele. Walumbe akazama ardhini, na Kaikuzi akachoka akarudi zake.

Wasumeri wao waliandika deni lenyewe ndani ya zawadi. Mungu wa kike Inanna alimtembelea mungu Enki mjini Eridu, wakanywa pombe, na Enki alipolewa akamgawia me, zile kanuni na sanaa zote za ustaarabu. Alipozinduka akamtuma waziri wake aikimbize mashua, mara kadhaa, bila mafanikio. Zikafika Uruk, mji wa Inanna. Orodha ya alichopakia mashuani inapendeza mwanzoni: ufalme, uandishi, uhunzi, useremala, ufundi wa ngozi, kuwasha moto. Endelea kusoma. Kuna uongo. Kuna uporaji wa miji. Kuna maombolezo. Vyote vimo katika shehena moja, na hakuna mahali Inanna anaposema hivi nishushe. Katika uzi wote huu, hii ndiyo hadithi ninayoiona ya kikatili na ya kweli kuliko zote.

#17

Mkuu, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyefanikiwa kuiba uzima wa milele? Maana hao wajanja waliiba kila kitu.

#18 – Mleta uzi

Swali zuri. Walijaribu.

Adapa wa Mesopotamia aliitwa mbinguni kwa mungu Anu kwa kosa la kuvunja bawa la upepo wa kusini. Ea, mlinzi wake, alimuusia: watakupa mkate wa mauti, usile, maji ya mauti, usinywe. Akafika, akaletewa mkate na maji. Akakataa kwa heshima zote. Vilikuwa vya uzima. Anu akacheka.

Na Māui, aliyelichapa jua na kumaliza kucha za Mahuika, alikwenda kwa Hine-nui-te-pō, bibi wa mauti, akamkuta amelala. Mpango ulikuwa aingie mwilini mwake apite hadi atokee mdomoni, na mauti ife. Akawaonya ndege aliofuatana nao: msicheke mpaka nitoke. Akaanza kuingia. Kichwa kikazama, mabega yakazama, miguu ikabaki nje inapigapiga hewani. Ndege wote wakajikaza, wengine wameziba midomo. Mmoja mdogo, pīwakawaka, yule anayefungua mkia kama kipepeo cha mkononi na hatulii tawi moja kwa sekunde tatu, alitazama ile miguu, akashindwa.

Bibi akaamka, akabana mapaja.